Uainishaji wa Marehemu katika Parokia za Mlimani

Mimea ina majina yake ya Kilatini na vipepeo wana makabati yao ya makumbusho, lakini marehemu wa vijiji vya Kilimanjaro, pamoja na wingi wao na utulivu wao mkubwa wakati wa kuchunguzwa, hawajapata mtaalamu wa kuwaainisha. Waraka huu unakusudia kuziba pengo hilo. Eneo la utafiti ni miteremko ya kusini na mashariki ya mlima: Kilema, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1890, Kibosho, na parokia za Rombo. Vifaa vya utafiti ni vile alivyonavyo kila mwanajumuiya, yaani kiti cha plastiki chini ya turubai, masikio mawili, na subira ya kumsikiliza mshereheshaji.

Roho ya marehemu inakwenda wapi, hilo Kanisa limeshalisemea, na mtafiti si mtu wa kugombana na paroko. Swali letu ni dogo zaidi: baada ya udongo kurudishiwa, mtu huyu anabaki wapi huku kwetu, na nani amekabidhiwa kumtunza? Makazi yaliyotambuliwa hadi sasa ni manne, na ya tano yana utata.

Makazi ya kwanza yako ofisini mwa parokia. Kanuni ya 1182 ya Sheria za Kanisa inaagiza kwamba mazishi yakishamalizika, yaandikwe katika kitabu cha marehemu cha parokia. Marehemu hupata mstari wake mmoja. Mzee mwenye vihamba vitatu vya migomba na mtoto aliyeishi siku mbili wanapewa upana uleule wa karatasi, na hakuna mahali pengine popote kijijini ambapo usawa huo umewahi kupatikana. Aina hii ya kumbukumbu haina sifa, haina lawama, na haina msomaji. Hufunguliwa pale tu mjukuu anapotafuta cheti. Tuiache kabatini.

Makazi ya pili, yenye utajiri wote wa taaluma hii, ni historia fupi ya marehemu.

Msomaji atambue kwanza kwamba historia hii inaishi kwa kukwepa sheria. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, namba 382, unataka katika Misa ya maziko iwepo homilia fupi, lakini sifa za marehemu zisisomwe. Waamini wa mlimani ni watiifu, hivyo hawazisomi ndani ya Misa. Wanazisoma Misa ikishafungwa, padre akiwa bado amevaa stola, akitazama saa kwa sababu ana Misa nyingine kigangoni na barabara imenyeshewa. Neno «fupi» limebaki kwenye kichwa cha habari kama kumbukumbu ya nia njema.

Historia zote zina muundo mmoja: kuzaliwa, sakramenti, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa, idadi ya walioachwa. Hata hivyo uwiano wa sehemu hizi si wa kubahatisha. Uchunguzi unaonyesha kwamba ugonjwa hupata aya ndefu kuliko ndoa ya miaka 50. Ndoa husemwa kwa sentensi moja. Ugonjwa husimuliwa kwa tarehe na saa: mwezi Machi alianza kulalamika tumbo, akapelekwa zahanati, akapewa dawa, akapata nafuu kidogo, mwezi Mei hali ikarudi, akapewa rufaa, akapigwa picha, akalazwa, akaruhusiwa, akarudishwa, hadi usiku ule ambapo saa 10 alfajiri hali ilibadilika ghafla. Mgeni anaweza kudhani familia inapenda tu kusimulia maumivu. Hapana. Aya ile ni utetezi. Chini ya turubai wamekaa shangazi waliotoka mbali, majirani wenye kumbukumbu ya ugomvi wa mpaka, na wakwe ambao tangu harusini walisema binti yao hatatunzwa. Familia inawaambia wote hao kwa pamoja: tulihangaika, tulilipa, hatukumtupa. Kila jina la hospitali ni risiti.

Ndani ya historia zenyewe kuna spishi kadhaa. Ya kawaida kabisa ni Historia ya Vyeo. Marehemu wake ni mwanamume aliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, mjumbe wa kamati ya shule, mweka hazina wa kigango, mwenyekiti wa UWAKA, chama cha wanaume Wakatoliki, kwa vipindi viwili. Historia hii hujiandika yenyewe. KNCU, muungano wa vyama hivyo vya ushirika, ilianzishwa mwaka 1933, na tangu hapo kahawa imezalisha vikao, vikao vikazalisha makatibu, na makatibu wamezalisha historia za kurasa nne. Ndani yake hatujui kama mzee alikuwa mchangamfu au mkimya, alipenda nini, au alimwogopa nani. Tunajua alikuwa mjumbe.

Jamaa yake wa karibu ni Historia ya Vyeti, ambayo huletwa kutoka Dar es Salaam pamoja na jeneza. Huandikwa ndani ya msafara, mahali fulani kati ya Korogwe na Same, na husomwa kutoka kwenye simu na kijana mwenye miwani ya jua. Ina kozi fupi, warsha na semina. Wazee husikiliza kwa heshima kubwa bila kuelewa, kisha huulizana kwa sauti ya chini: kwani huyu ndiye yule aliyeanguka kwenye mparachichi?

Spishi inayomsumbua zaidi mtafiti ni Historia ya Diplomasia. Hii haiandikwi na mtu mmoja bali hupitishwa na kikao usiku wa kuamkia maziko. Wanakaa wazee wa ukoo, mtoto wa kwanza, na shemeji mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye mwandiko wake unaaminika. Hoja ngumu ni hesabu. Mama mwenye nyumba ana watoto 7. Kijiji kinafahamu 9. Na kwenye lango la kihamba wameshasimama vijana wawili wenye paji la uso la marehemu, wamevaa nguo nyeusi, hawaombi kitu. Ukiandika 7, unawafukuza mbele ya jeneza la baba yao. Ukiandika 9, unamuua mjane siku moja na mumewe. Shemeji mwalimu husikiliza pande zote hadi saa 8 usiku, kisha huandika kwamba marehemu «ameacha mjane, watoto na wajukuu wengi». Nimewahi kusoma maazimio ya mikutano mikubwa ya amani yasiyofikia ustadi huo.

Katika spishi hiyohiyo ndimo huwekwa wale waliokuwa wamelegea kidini. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho lao la Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele chao cha kichungaji mwaka 1976, sidhani walitazamia kwamba siku moja mwenyekiti wa jumuiya angekuwa na uzito kuliko daktari. Daktari huthibitisha kwamba mtu amekufa; mwenyekiti huthibitisha kwamba alikuwa hai, yaani alihudhuria, alitoa zaka, alitegemeza parokia. Mtu akifa huku daftari lina nafasi tupu kwenye jina lake, mazungumzo huwa marefu. Mara nyingi huruma hushinda, na hapo ndipo tunasikia kwamba marehemu, akiwa kitandani, «alirudi kundini»: padre aliitwa, ndoa ya miaka mingi ikabarikiwa, mpako wa wagonjwa ukatolewa, yote kabla ya jioni. Mtafiti haoni cha kuchekesha hapa. Kuna wanawake waliosubiri pete hiyo miaka 30 na waliipata siku mbili kabla ya kuwa wajane.

Spishi ya mwisho ni Historia ya Nusu Ukurasa. Hii ni ya bibi, kizazi cha akina Epifania na akina Gaudensia, waliobatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku. Alizaliwa mwaka usiojulikana vizuri. Alibatizwa, akapata komunyo ya kwanza na kipaimara. Aliolewa. Alikuwa mkulima na mwanachama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki. Alipenda kusali rozari. Aliugua. Ameacha watoto 8, wajukuu 31 na vitukuu. Basi. Msomaji anakunja karatasi, na waombolezaji bado hawajakaa sawa.

Sababu ya ufupi huu si chuki, wala si kwamba hawakumpenda. Wanalia kuliko kwenye misiba yote. Tatizo ni fomu. Historia ina nafasi ya shule, na yeye hakusoma. Ina nafasi ya ajira, na yeye hakuajiriwa. Kahawa aliipalilia na kuichuma yeye, lakini kwa kawaida kitabu cha ushirika kilikuwa na jina la mume. Pombe ya mbege aliyoiuza sokoni, ndizi na ulezi alivyovipika hadi macho yakawa mekundu kwa moshi, ikageuka ada ya shule ya wale wale ambao sasa historia zao zina semina. Kwenye karatasi, mbege hiyo haina kichwa cha habari. Hivyo tunapata kanuni ya kwanza ya taaluma hii, na sioni namna ya kuipinga: urefu wa historia hupungua kadiri idadi ya watu waliolishwa na marehemu inavyoongezeka.

Makazi ya tatu tunayapitia haraka, ingawa yana hatari zake. Kaburi likishafukiwa, pale katikati ya migomba karibu na makaburi ya babu, huanza kuitwa majina ya kuweka mashada. Orodha hii ndiyo historia isiyohaririwa. Mjane, watoto, wajukuu, wakwe, majirani, jumuiya, na kila kundi husogea na ua lake. Hapa yale maneno ya shemeji mwalimu hayasaidii, kwa sababu mshereheshaji anaita kwa sauti «watoto wote wa marehemu wasogee», na lazima miguu iamue. Vijana wawili wa langoni hutazamana. Mara nyingi anayeokoa hali ni shangazi mmoja mnene, dada wa marehemu, anayewashika mikono na kuwapeleka mbele bila kumwomba mtu ruhusa. Uwana wao huthibitishwa hapo, na hakuna mahakama inayohitajika.

Makazi ya nne ni bahasha. Tarehe 2 Novemba Kanisa linawakumbuka marehemu wote, na kwa mwezi mzima parokia nyingi hupokea bahasha ambazo juu yake familia huandika majina ya kuombewa. Bahasha ina mistari michache. Familia ina marehemu wengi. Hapa ndipo mtafiti alipoona, kwenye meza ya chakula, chini ya taa, taaluma nzima ikifanya kazi. Baba anaandika jina la baba yake kwanza, bila kuuliza. Mama anasema na mama yangu. Baba anasema wa ukoo wako si wataandikwa kule kwenu? Mama hajibu, anaendelea kuosha vikombe mpaka mstari wa pili unaandikwa jina la mama yake. Kisha anaingia yule mtoto aliyekufa kabla hajatimiza mwaka, ambaye watoto wa sasa wanamfahamu kwa jina tu. Kisha mjomba aliyefia Tanga. Mistari ikiisha, huandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: na marehemu wote wa ukoo.

Mstari huo wa mwisho unastahili tasnifu yake. Kila marehemu, bila kujali vyeo, ana safari ya kushuka kwenye ile bahasha. Anaanzia juu, peke yake, na Misa za kumwombea zikitajwa kwenye matangazo ya Jumapili. Miaka inapopita husukumwa chini na wafu wapya, hadi siku jina lake linapoingia ndani ya «wote». Kasi ya kushuka haitegemei wema. Inategemea kama ameacha binti anayeishi karibu na kanisa. Desemba, wana na mabinti wanaporudi kutoka mijini kwa Noeli, wengine hupanda ghafla: makaburi yanapigwa deki, padre anaombwa Misa nyumbani, na mzee aliyekuwa kwenye herufi ndogo anarudi juu kwa wiki moja.

Yamebaki yale ya tano, yenye utata, nayo hayakubali kuainishwa kwa sababu hayamo kwenye ratiba. Mtafiti aliyashuhudia kwenye msiba wa bibi wa nusu ukurasa. Historia ilikuwa imeshasomwa. Zikafuata salamu: serikali ya kijiji, shule, kikundi cha kukopeshana. Zamu ya WAWATA ilipofika akasimama mama mmoja mwenye kitenge cha sare, mkononi hana karatasi. Akasema Tumsifu Yesu Kristo, akajibiwa, akaanza kuhesabu. Si sifa, majina. Huyu alizaliwa kwenye mikono yake mvua ikinyesha. Huyu alikaa kwake mwaka mzima mama yake alipolazwa. Hawa wawili walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka, na yeye ndiye aliyeleta jani la isale, alama ya upatanisho, akawasimamia hadi wakashikana mikono. Tena wapo, wamekaa pale. Waliotajwa waliinama. Wengine walianza kucheka huku wanalia.

Mshereheshaji akatazama saa ya padre, akakohoa kwenye kipaza sauti. «Mama, tunaomba ufupishe.»

Yule mama hakugeuka. «Mwanangu,» alisema, «hata wewe alikupokea yeye. Usiku kucha. Hakufupisha.»

Padre ndiye aliyecheka wa kwanza. Mama akamaliza majina yake yote, akakaa. Kisha akasimama mwakilishi wa chama cha siasa, ambaye hakuwahi kumwona marehemu, akafungua karatasi yake na kuisoma yote.