Mbalamwezi Haitoi Hati ya Mshahara

Mkopo wa nyumba hutolewa kwa mtu ambaye kipato chake cha kesho kinajulikana leo. Tanzania iliutungia sheria yake mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki ili nazo ziwakopeshe wanunuzi kwa miaka mingi. Mwenye mshahara huleta hati ya mshahara na barua ya mwajiri. Mwenye kamisheni, kama wakala wa benki pale Kibirizi, Kigoma, huleta taarifa za akaunti za miezi mingi, leseni na namba ya mlipakodi. Benki hutafuta wastani, kisha huupunguza kwa tahadhari.

Wastani wa Kigoma una tabu yake. Kamisheni hufuata miamala ya wateja, miamala hufuata dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, mitumbwi hupumzika, na kibanda cha wakala nacho husinzia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Samaki walipata likizo. Taarifa ya akaunti ilipata pengo la miezi 3.

Hivyo wakala hushinda akipokea fedha za wateja wa benki na kuzihesabu, na hakuna anayemtilia shaka. Akiomba nyumba, ghafla huwa mtu asiyetabirika. Nayo benki, inayoishi kwa riba na ada zinazopanda na kushuka, haijapata kuombwa hati ya mshahara.