Mtungi Uliotoka Jasho

Mali kupungukia njiani ni jambo la kale huku kwetu Tabora. Misafara ilitoka pwani na marobota ya nguo na shanga, na kila mtemi njiani akamega hongo yake. Livingstone aliporudi Ujiji mwaka 1871 alikuta shehena aliyotumiwa imeshauzwa; mwaka uliofuata akakaa miezi Kwihara, hapa jirani na mjini, akisubiri wapagazi na vifaa vingine. Mzee yule namwelewa. Mimi nimeibiwa naitrojeni, tena na hewa.

Kazi yangu ni kuhimilisha ng'ombe. Mbegu za madume hukaa kwenye mirija, na mirija huzama kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi mzima wa lita 20 haupaswi kupoteza hata nusu lita kwa siku. Wangu, siku ya nne tangu niujaze, nilitumbukiza rula nyeusi ya plastiki, nikaitoa, nikaipunga. Utando mweupe wa barafu ukaishia katikati. Sikuamini. Nikaubeba mtungi hadi kwa muuza asali mwenye mizani, akapima, akaniangalia kama aliyepunjwa ni yeye: kilo nane hazipo. Lita moja ina gramu kama 800. Lita kumi zimekwenda!

Nikakituhumu kizibo. Nikakigeuza, nikakipuliza, nikakisuta.

"Kizibe kwa nta," akasema mama mwenye nyumba. Tabora nta haijawahi kutuishia.

Nikamweleza kwamba kizibo kile kimelegea kwa makusudi. Lita moja ikigeuka hewa inakaribia lita 700. Ukiibana, utatuokota vipande vipande. "Lazima upumue, mama."

"Si unapumua? Sasa unalia nini?"

Kisha akausifia. Eti mtungi mzuri hutoka jasho, kama wake wa udongo pale barazani, ndiyo maana maji yake hayana mfano. Nikacheka kisomi.

Mchana ule, joto la Oktoba likitokota, nikamkuta paka wake kaukumbatia mtungi wangu, tumbo kwenye bati, macho yamefumba kwa raha. Nikaweka kiganja. Baridi! Matone yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Mtungi huu una kuta mbili, na kati yake hewa imenyonywa yote ili joto likose njia. Ukiwa mzima, nje hukaa vuguvugu kama sufuria iliyosahaulika. Nje ikipoa, ujue hewa imeingia katikati, na hapo hakuna nta wala dua. Cheti changu cha mafunzo kiko ukutani. Paka hana hata kitambulisho.

Nikaazima mtungi wa mwenzangu, nikahamisha mirija haraka haraka kabla haijaonja joto. Paka akaja, akaujaribu mgeni kwa ubavu, akainuka. Akanitazama kwa dharau, kisha akaenda zake barazani kwenye mtungi wa udongo.