Waridi la Mama Mkwe

Jirani, hiyo stuli wacha tu. Nitasimama. Sababu iko huko nyuma, utaisikia.

Mama mkwe, kule Runyenjes, anajenga geti la magari. Magari gani, usiniulize. Sasa pale geti linakaa kulikuwa na waridi. Zee! Lilipandwa mke wangu akibebwa mgongoni. Nikaambiwa, "Baba watoto, utalileta hapa Nkubu." Likiwa hai, lakini. Mimi nijulie wapi maua?

Kuna jamaa hapa mtaani aliwahi kufanya kazi Timau, yale mashamba ya kupeleka waridi Ulaya. Akasema ngoja mvua ya Machi, ama ya Oktoba. Ulaya waridi hulala wakati wa theluji, huku kwetu unalihamisha likiwa macho kabisa. Limwagilie maji siku moja kabla. Alafu likate hadi magotini.

Magotini! Nimeanza kukata hivi, mama mkwe akatoka jikoni ameshika kichwa. "Mwanangu, si tulisema unalihamisha?" Sasa nimwambie nini? Eti mizizi ikikatwa haiwezi kunywesha matawi yote? Hayo maelezo yalikuwa kwa simu, na simu imezima chaji.

Nikachimba. Unachimba mbali na shina, unazunguka, unaling'oa na udongo wake. Ule udongo mwekundu ukilowa, hata jembe linagoma. Na ukweni mtu huinama kwa adabu, upandeupande. Mwiba haujui adabu. Suruali ya kanisani, niliyovaa juu ni ukweni, ikaachia nyuma: kraaa! Mama mkwe akageukia migomba, akaiangalia sana. Baadaye akatuma mtoto aniletee leso. Ya maua. Mti wenyewe haukuwa na ua hata moja, maua yote nimejifunga mimi.

Haya, gunia likaloweshwa, mizizi ikafungwa, tukapanda matatu. Makanga akasema huo mzigo ulipe siti. Nikalipa. Waridi likakaa dirishani, mimi nikapewa ubao wa sambaza. Kufika Chuka abiria wameanza kuuliza bei, wanafikiri ni muguka.

Nyumbani shimo lilikuwa tayari, size ya mche wa sukuma wiki. Chimba tena, usiku, na leso. Samadi iwe imeoza, mbichi inaunguza mizizi. Sasa kila asubuhi mke anatoka na chai yake, anakwaruza gome kwa ukucha. Chini ni kijani, eti liko hai, anafurahi. Mimi hakuna aliyenikwaruza.

Alafu jana yule jamaa wa Timau anapita, anacheka. "Kwani hamngekata kijiti tu?" Kijiti! Cha shibiri moja, unazika nusu kwa kivuli, udongo usikauke, kinatoa mizizi chenyewe, na ua ni lile lile la mama mkwe. Mbona hakusema mapema? Eti sikumuuliza.

Kwa hivyo jirani, ukiitwa ukweni juu ya waridi, beba kijiti kwa mfuko wa shati. Na suruali ya kanisani iache nyumbani.