Jinsi ya Kununua Hewa Mbinga

Subiri kwanza malipo ya kahawa yaingie. Kabla ya hapo hakuna atakayekwambia kwamba gari lako lina tatizo la kupumua; baada ya hapo utaambiwa na kila mtu. Muuzaji utamtambua kwa koni aliyoishika: filta ya hewa yenye umbo la pia, kitambaa chekundu kilicholoweshwa oili, bomba la alumini linalong'aa, na kibandiko kinachoahidi nguvu za farasi ambazo hakuna aliyewahi kuzipima. Atafungua boneti ya Hilux yako, atatikisa kichwa, kisha atasema: "Bosi, hii dizeli haipumui." Usimuulize juzi ilipandaje Litembo na mifuko ya mbolea, na watu juu ya mifuko. Swali hilo huharibu biashara.

Wala usikubali mtu akueleze dizeli inavyofanya kazi, maana ukishaelewa hutanunua. Gari la petroli lina mlango mdogo kwenye njia ya hewa. Ukikanyaga, mlango unafunguka, hewa inaingia na petroli inafuata. Dizeli za zamani, kama ile 1HZ ya lita 4.2 iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi tunazozifahamu, hazina mlango huo. Kila pistoni inaposhuka inavuta hewa yote inayoweza kuivuta, uwe umekanyaga au umetulia. Injini ya lita tatu ikizunguka mara 3,000 kwa dakika humeza lita zipatazo 4,500 za hewa katika dakika hiyo, kabla hata turbo haijatia mkono wake. Mguu wako hauongezi hewa, unaongeza dizeli; na dizeli hiyo, pampu ikiwa imewekwa sawasawa, huwa kidogo kuliko ile ambayo hewa iliyomo ingeweza kuiunguza. Kuiongezea hewa injini ya namna hiyo ni kumpakulia ugali mtu aliyekwisha shiba na kunawa.

Hata hivyo muuzaji ana chembe ya ukweli: Mbinga hewa ni pungufu. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Kwa hiyo ukishika lami ya kilometa 66 kwenda Mbamba Bay, ukaiacha milima ya Wamatengo nyuma yako, injini inajikuta ikivuta hewa nzito zaidi kwa asilimia saba au nane, hata ukitoa hasara ya joto la ufukweni. Hakuna koni inayokaribia hapo. Gharama yake ni dizeli ya safari, na unarudi na samaki aina ya mbasa. Kasoro ni moja tu, kwamba hewa hiyo haikubali kupanda mlima pamoja nawe.

Lakini wewe umeshaamua, tuendelee.

Fundi ataanza kwa kung'oa boksi la filta lililokuja na gari. Muulize litafanyiwa nini. "Achana nalo, bosi, ndilo linaloziba hewa." Boksi hilo lina mdomo unaochungulia pembeni, kwenye ubavu wa gari, likatafute hewa baridi mbali na injini. Koni yako itakaa wazi chini ya boneti, jirani na rejeta, ikivuta hewa iliyokwisha kupashwa moto. Hewa ya moto ni nyepesi. Yaani umelipa fedha ili injini ipate hewa pungufu kuliko jana, na kwa bahati nzuri dizeli ni mvumilivu, hutagundua.

Kisha itaonekana kwamba bomba jipya ni nene kuliko mdomo wa injini. Hapa ndipo ufundi unapoonekana: kipande cha tyubu ya baiskeli kinazungushwa mara nne, klampu moja inakazwa, ya pili haipo hivyo inatumika waya, na juu yake inapakwa silikoni kwa kidole. Kwa nje kazi ni safi. Ukitaka kujua ya ndani, pakaza grisi nyembamba ndani ya bomba, upande ule hewa inaoutokea baada ya filta. Endesha gari wiki moja ya kiangazi, halafu pitisha kidole. Grisi iliyobaki laini ina maana umepona. Ikikwaruza, ile ni ardhi nyekundu ya Maguu, au vumbi jeusi la malori ya makaa ya mawe kama wewe ni mtu wa kupita Kitai kwenda kata ya Ruanda, na tayari imo ndani ya injini yako.

Vumbi hilo halina haraka. Mchanga mwembamba usioonekana kwa macho unasugua mapezi ya turbo, unashuka kwenye silinda, unachanganyika na oili na kuendelea kusaga ringi na kuta zake. Mwanzoni gari linakula oili kidogo. Baadaye ukifungua kifuniko cha oili huku injini inanguruma, kinakupumulia moshi. Mwisho ni kushusha injini, na fundi atakayeishusha huenda akawa yuleyule aliyekufungia koni. Hatakukumbusha.

Mwenye D-4D, zile dizeli mpya zaidi za Toyota, ana starehe ya ziada. Nyingi ya injini hizo zina sensa ndogo ya kupima hewa, yenye waya mwembamba sana, na oili ya kile kitambaa chekundu ikirukia pale sensa inaanza kusoma uongo. Taa ya injini itawaka. Usijali, utauziwa na sensa.

Ukiteremka ziwani na koni yako, kuna wageni wengine. Siku fulani mawingu ya wadudu wadogo huinuka juu ya Ziwa Nyasa, ukiyaona kwa mbali unadhani ni moshi. Wataalamu wanawaita Chaoborus edulis, na hilo jina la pili maana yake ni kwamba wanalika: ng'ambo ya ziwa watu huwakusanya na kuwakanda mikate, na Livingstone aliyeonja aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1865. Kitambaa chenye oili kikipita katikati ya wingu hilo hutengeneza mkate wa aina hiyo bila kupika.

Kuna kifaa kimoja cha hewa ambacho siwezi kukicheka, nacho ni mkonga. Unainua mdomo wa hewa hadi usawa wa paa, mbali na vumbi la gari lililo mbele na juu ya maji ya vijito vinavyofurika njia ya Liuli na Lituhi wakati wa mvua. Injini ya dizeli kama ile 1HZ hubana hewa karibu mara 22; maji hayabaniki, kwa hiyo kikombe kimoja kikiingia silindani kinachopinda ni konrodi. Ila mkonga uwe umeunganishwa kweli. Ipo mikonga mingi mizuri ya plastiki iliyobanwa ubavuni kwa skrubu nne, na nyuma yake hapajatobolewa hata tundu. Mwenye gari huingia mtoni kwa imani kubwa.

Naikubali koni kwa jambo moja: sauti. Inakoroma vizuri, turbo inapiga mluzi, na watu wa stendi wanageuka. Kama ndicho ulichotaka, umepata thamani ya fedha yako.

Kama sicho, nunua filta ya karatasi iliyo halisi kwa gari lako na uiweke kabla vumbi la Juni halijaanza. Ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, isiwe kinyume, na ikichanika usiitie gundi. Kaza klampu zote mbili. Na lile boksi la zamani usilitupe: atakayekuja kununua gari lako atafungua boneti kwanza, kisha ndipo aulize bei.