Wanormani Kusini mwa Italia: Majengo Saba, Kuanzia la Mwisho Hadi la Kwanza

Tancred wa Hauteville, bwana mdogo wa huko Normandy, alikuwa na wana 12 na ardhi isiyotosha kuwagawia. Vijana wakafunga safari kwenda kusini mwa Italia, ambako tangu mwanzoni mwa karne ya 11 Wanormani walikuwa wakipigana vita vya watu wengine kwa ujira. Krismasi ya 1130, mjukuu wake Roger II akavishwa taji la ufalme mjini Palermo. Jamani, hawa ni wageni wa kukaribishwa sebuleni, ukigeuka hati ya nyumba imeandikwa jina lao! Lakini nitawatetea kwa jambo moja: walijua kujenga, na zaidi ya kujenga walijua kumpa kazi fundi anayeiweza, awe Mwarabu, Mgiriki au Mlatini. Haya, tuhesabu.

7. Daraja la Amiri, Palermo
George wa Antiokia, mkuu wa majeshi ya majini ya Roger, alilijenga miaka ya 1130 ili watu wavuke mto Oreto. Matao yake yamechongoka juu, na katikati yake yametobolewa matao madogo ili mafuriko yapate pa kupita. Baadaye mto ukahamishwa. Daraja limebaki nchi kavu, halina hata maji ya kunawa miguu, na bado liko imara. Huo ndio uaminifu kazini.

6. San Nicola, Bari
Mwaka 1087 mabaharia wa Bari waliichukua mifupa ya Mtakatifu Nicholas kule Myra, katika Uturuki ya leo. Tuseme ukweli: waliiba. Kanisa la kuihifadhi likaanza kujengwa mahali palipokuwa na makao ya gavana wa Bizanti, ambaye utawala wake Wanormani waliung'oa mwaka 1071. Minara miwili upande wa mbele, kuta nene za kuzuia jeshi: hapo Normandy inajitambulisha yenyewe. Mlango mkuu una ng'ombe wawili wa mawe waliobeba nguzo mgongoni. Karne zimepita, na hakuna aliyewapa likizo.

5. Abasia ya Venosa
Hapa kuna makanisa mawili, moja zima na moja ambalo halikumalizika. Nalipenda zaidi lisilomalizika. Ramani yake ni ya Kifaransa kabisa, yenye njia inayoizunguka madhabahu na vikanisa vidogo vinavyochomoza nyuma. Mawe mengi yalitolewa kwenye magofu ya Kirumi, na mengine bado yana maandishi ya Kilatini. Kuta zimesimama, nguzo zimesimama, paa ni mbingu.

Na udaku upo. Robert Guiscard, mkali kuliko wana wote wa Tancred, amezikwa Venosa. Alimwacha mkewe wa kwanza, Alberada, akamwoa Sichelgaita, binti wa wakuu wa Salerno. Leo Sichelgaita amelala Monte Cassino, na aliye na kaburi lake ndani ya kanisa la Venosa alimolala Guiscard ni nani? Alberada. Mke wa kwanza hana haraka.

4. Kanisa Kuu la Salerno
Guiscard huyo huyo aliuteka mji wa Salerno kati ya 1076 na 1077, kisha akajenga kanisa lililozinduliwa na Papa Gregory VII mwenyewe. Uga wa mbele umezungukwa na nguzo za kale za Kirumi zilizopewa kazi mpya chini ya matao yaliyopambwa kwa mawe ya volkano. Miaka yake ya mwisho Guiscard aliimaliza akipigana na Bizanti. Milango ya shaba ya kanisa lake ilitengenezwa wapi mwaka 1099? Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti hiyo hiyo! Ugomvi wa wakubwa haukumzuia fundi.

3. Zisa, Palermo
Jumba la mapumziko la mfalme William I, mwana wa Roger II, lililoanzwa miaka ya 1160 na kumaliziwa na mwanawe. Simama kwenye ukumbi wa chini. Maji yalitoka ukutani, yakateremka juu ya bamba la marumaru lililochongwa mistari ili yatawanyike, yakapita kwenye mfereji mwembamba sakafuni, yakajaza visima vidogo vya mraba, kisha yakaenda kwenye bwawa lililokuwa nje. Upepo wa bahari ukiingia mlangoni unakutana na ubaridi huo. Watoto wa nchi ya baridi walipoonja joto la Sisilia waliwasikiliza Waarabu waliowakuta huko, na walifanya la maana.

2. Monreale
William II, mwana yuleyule aliyeimalizia Zisa, alianza kulijenga kanisa kuu hili miaka ya 1170. Ndani kuna mozaiki inayozidi mita za mraba 6,000, dhahabu kila unapogeuka. Wengi hukomea hapo. Mimi nakusihi uzunguke nyuma, uone matao yanayopishana, mawe meusi ya volkano yakichanganywa na mawe ya chokaa. Matao ya kupishana yako pia Durham, Uingereza, kwenye kanisa ambalo Wanormani walilianza mwaka 1093. Kisha ingia uani, penye nguzo ndogo zilizosimama mbili mbili. Kwenye kichwa cha nguzo mojawapo, fundi aitwaye Romano, mwana wa Konstantino, alichonga jina lake. Safi sana, fundi! Wafalme wasibaki peke yao kwenye kumbukumbu.

Tena, kwenye mozaiki yupo Thomas Becket, askofu aliyeuawa mwaka 1170 na askari wa Henry II wa Uingereza. Malkia wa William alikuwa Joan, binti wa Henry huyo huyo. Fikiria baba mkwe akija kusali.

1. Cappella Palatina, Palermo
Hapa sikubali ubishi. Ni kanisa la ndani ya ikulu, Roger II alilianza mwaka 1132. Ukutani kuna mozaiki za mikono ya Kigiriki. Moja, kwenye kuba, ina mwaka 1143. Ramani ya ukumbi ni ya Kilatini. Juu ya ukumbi mkuu kuna dari la mbao lenye vijikuba vilivyoning'inia kama masega ya nyuki, lililochorwa kwa mtindo wa Kiarabu: wanywaji, wachezaji ngoma, wapiga udi, na dua za heri kwa mfalme kwa hati ya Kikufi. Saa ya maji ya ikulu nayo ilipewa kibao cha mwaka 1142 chenye Kilatini, Kigiriki na Kiarabu.

Katika ikulu hiyo hiyo mwanajiografia al-Idrisi alikamilisha mwaka 1154 kitabu chake cha jiografia, kinachoieleza hata pwani ya Zanj, yaani Afrika Mashariki, na biashara ya chuma ya Sofala. Kwa hiyo pwani yetu ilikuwa ikisomwa Palermo wakati rangi za dari lile zingali mpya. Ukifika, usikimbilie madhabahuni. Inua kichwa kwanza, umtafute mpiga udi.