Vifaranga wa Mama na Joto la Mwambani

Mama alitua Uppsala kutoka Tanga mwezi Agosti, wiki ya joto kali, akashangaa sebule yetu kuwa na ubaridi wa kupendeza. Nikampeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha kifuniko cha shimo. Lilichimbwa mita 180 ndani ya mwamba, na ndani yake umepitishwa mpira unaoshuka hadi chini na kurudi juu, umejaa maji yaliyotiwa spiriti yasigande. Huko chini mwamba una nyuzi kama 7 mwaka mzima. Siku za joto, maji yale hupitishwa kwenye feni ya sebuleni, hubeba joto la nyumba na kulishusha mwambani. Kompresa ya mashine yetu ya kupasha joto hailazimiki hata kuwaka.

"Na baridi ikija?"

"Shimo hilo hilo linatupasha joto, mama."

Akakataa katakata. "Nyuzi 7 ni baridi, mwanangu. Utaotaje baridi?"

Nikamsogeza nyuma ya friji, akagusa pale penye moto. Friji hutoa joto kwenye chakula na kulitupa mgongoni mwake. Mashine yetu hulitoa mwambani: maji ya shimoni hupita penye gesi iliyo kimiminika, inayochemka hata kwenye baridi kali, gesi hulinyonya joto lile, kompresa huibana mpaka ikapanda moto, kisha joto hukabidhiwa maji ya radieta. Umeme ni wa kubana na kusukuma tu. Kwa uniti moja tunapata uniti tatu au zaidi za joto. Kwa sababu hiyo Wasweden, ambao bei ya mafuta iliwachoma vibaya mwaka 1973, leo wana mashimo ya aina hii kwa mamia ya maelfu.

Oktoba jirani alimpa mama vifaranga. Furaha aliyokuwa nayo! Tukawajengea banda kwenye ukuta wa kaskazini, chini ya upenu, tukawatundikia taa nyekundu ya kuwapa joto usiku na mchana.

Haikupita muda, nyumba ikaanza kupoa. Radieta zikawa baridi kama jiwe. Binti yetu Zubeda akawa anafanya kazi za shule na koti mwilini, mama akajifunika khanga juu ya blanketi.

"Nilisema mimi," akanikumbusha. "Shimo limekauka."

Nilikagua presha ya maji ya shimoni, ilikuwa sawa. Kwenye mashine hapakuwa na taa ya hitilafu. Nikashika simu kumpigia fundi.

"Lakini baba," Zubeda akasema, "maji ya kuoga mbona yanaunguza? Shimo likikauka, hayo yanapashwa na nini?"

Mama Zubeda hakungoja jibu. Akaenda kusimama mbele ya mashine, akasoma kioo chake kwa sauti: "Nje, nyuzi 19." Akageuka dirishani. Kioo cha gari letu kilikuwa kimeganda barafu.

Akatoka na tochi, sote tukimfuata. Juu ya banda, kwenye tundu tuliloacha ili vifaranga wapate hewa, palikuwa na kidude cheupe kidogo ukutani: kihisi cha joto la nje. Hewa moto ya taa ilikuwa inapanda moja kwa moja ikikipiga. Mashine huamua kwa kihisi hicho iwashe radieta kiasi gani, na kwa nyuzi 19 ilidhani ni kiangazi. Ikazizima, ikabaki kupasha maji ya kuoga tu, ambayo yana kihisi chake ndani ya tangi.

Tulilihamisha banda usiku ule ule, mama akiwa amewabeba vifaranga kwenye khanga yake. Kulipopambazuka kioo cha mashine kilisoma nyuzi 2 chini ya sifuri na radieta zilikuwa za moto.

Wewe mwenye mashine ya namna hii, nyumba ikipoa na maji ya kuoga yakabaki ya moto, usikimbilie kumlipa fundi. Zunguka kwanza ukuta wa kaskazini, uangalie kihisi kimewekewa nini karibu.