Ukivuta Tela Kusini, Nunua Kamera Kabla ya Redio

Anayevuta tela kati ya Mtwara na Lindi anunue kamera ya nyuma kabla ya redio kubwa, kabla ya taa za rangi, kabla ya kuandikisha jina la mchumba kwenye kioo cha mbele. Nalisema mapema ili mwenye haraka aishie hapa na aende dukani. Mwenye nafasi akae kidogo, maana dukani wapo watakaomuuzia kamera isiyoonyesha kitu gari likiwa mwendoni.

Karavani, zile nyumba za kuvutwa za watalii, kwetu zimeadimika. Zilikuwa zikitoka Afrika Kusini kupitia Msumbiji, zikasubiri maji yajae ndipo zivushwe mto Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo. Tangu mapigano yaanze Cabo Delgado, Oktoba 2017, njia ile imepoa. Tela zilizobaki ni zetu wenyewe: korosho zinazoshuka kutoka Masasi, Newala na Tandahimba msimu ukifunguliwa Oktoba, makaa ya mawe yanayotoka Mbinga kuja bandarini, saruji ya kiwanda cha Dangote, na pikapu zinazovuta boti kwenda Msimbati. Nyuma ya kila tela ya namna hiyo, amini usiamini, kuna bodaboda aliyebana pale pale ambapo vioo vya pembeni havifiki.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Muulize: hii inawaka lini? Kamera nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya gari dogo, na fundi akiachiwa atachukua umeme wake kwenye taa ya rivasi. Ukiingiza gia ya kurudi nyuma inawaka, ukiitoa inazimika. Kamera ya namna hiyo kwa mtu wa tela ni mlinzi anayeamka mwizi akishaondoka. Wewe hatari yako kubwa iko mbele ya safari, ukiwa gia ya juu, pale unapotaka kukwepa shimo na basi limeshaanza kukupita. Mwambie fundi avute umeme kutoka kwenye swichi ya gari, picha iwepo tangu unapowasha injini mpaka unapozima. Hapo utajua nani anakuja. Utaona turubai likianza kupepea. Ukimpita mzee mwenye baiskeli na gunia lake la korosho, utamwona kwenye skrini akiwa salama nyuma ya tela, ndipo urudi upande wako. Wapo madereva wanaorudi kushoto kwa kukisia tu, na mzee anaishia mtaroni na gunia lake. Hao siwaonei huruma hata kidogo wakikamatwa.

Muulize pia kuhusu volti. Malori mengi ni ya volti 24, pikapu ni 12. Kamera ya 12 ukiipa 24, moshi utauona bila skrini.

Sasa suala la kushoto na kulia, ambalo limewachanganya hata madereva wa siku nyingi. Kamera inayotazama nyuma, picha yake isipogeuzwa kama ya kioo, kulia kwako kunaonekana kushoto mwa skrini. Sisi tunaendesha kushoto, na anayekupita huja kulia. Atatokea kushoto mwa skrini, utashtuka, utakata usukani kulia kumkwepa, na utamfuata huko huko aliko. Dawa yake ni rahisi: kabla hujalipa, mwombe kijana wa dukani asimame nyuma ya gari upande wa kulia. Akionekana kulia, toa pesa. Akionekana kushoto na muuzaji hajui pa kubadilishia, mshukuru na uondoke.

Ziko kamera zisizo na waya, na sifa zake zinavutia: kufunga dakika chache, hakuna kupitisha nyaya chini ya tela. Lakini mawimbi yale lazima yapite kwenye bodi la chuma lenye urefu wa mita kumi na zaidi, na kwenye mzigo. Picha hukwama, au huchelewa. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Picha ikichelewa nusu sekunde, unachokitazama kimebaki mita 11 nyuma. Kwa boti ndogo na pikapu, sawa, ijaribu. Kwa lori nunua ya waya, yenye mfumo wa picha safi wa AHD kama pochi inaruhusu, na kiungio cha kuchomoa kati ya kichwa na tela, usije ukakata tela na waya ukakatika nao.

Upana wa kuona nao usikudanganye. Muuzaji atajisifia nyuzi 170 kama anauza upeo wa bahari. Kamera pana hivyo hufanya kila kitu kionekane kidogo na mbali, basi lililokukaribia likaonekana bado liko Mingoyo. Kwa barabara kuu nyuzi 120 hivi zinatosha.

Kisha kuna pwani yenyewe. Chumvi ya Msimbati inakula chuma, na vumbi la njia ya Kilambo halijali. Kwa anayeshusha boti majini, angalia namba IP67: maana yake imepimwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kwa lori linalooshwa kwa mashine ya maji ya nguvu, tafuta IP69K. Funga kwa skrubu zisizoshika kutu, suuza kwa maji baridi ukitoka ufukweni, na futa lenzi kwa kitambaa chenye maji kila unapopima upepo wa matairi. Taa ndogo za usiku za kamera kwenye vumbi zinarudisha weupe mtupu, kwa hiyo usizitegemee.

Kuna tingo, utasema. Yupo, na heshima yake abaki nayo. Ila sote tunamjua yule wa "lete, suka, lete, lete, kata kulia, lete", halafu kishindo, ndipo "simama!" Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, magari yalikwama pande zote mbili. Kurudisha tela nyuma katikati ya foleni na watu wanaotembea kwa miguu si kazi ya kukisia. Shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto, na skrini iliyogeuzwa sawasawa itakubaliana nawe. Hata hivyo kamera iliyo mkiani haioni mtoto aliyeinama kati ya magurudumu. Tingo ashuke, asimame unapomwona kwenye kioo, na ukimpoteza machoni simama papo hapo.

Wenye malori, msimu wa korosho unakuja na mvua zake nyuma. Mfungieni dereva kamera kabla ya mzigo wa kwanza, na msimkate mshahara kwa ajili yake. Tela ni yenu, na watoto wa shule wanaovuka nyuma yake pale Mikindani ni wetu sote.